Faili za Windows zikiharibika: jinsi ya kuzitengeneza bila kuformata kompyuta ya zamani

Hapa Bukavu kompyuta nyingi za nyumbani zinaumia kwa sababu moja: umeme unakatika wakati diski bado inaandika. Windows iko katikati ya kubadilisha faili zake, delestaje inapiga, na umeme ukirudi unakuta skrini ya buluu, au mashine inawaka na kuzima bila kufika popote, au programu zinagoma kufunguka zikidai faili fulani ya .dll haipo. Ukiipeleka kwa fundi, iwe Nyawera au Kadutu, mara nyingi neno la kwanza unalosikia ni kuformata, yaani kufuta diski yote na kuweka Windows upya.

Naandika haya kwa sababu kuformata kumeteketeza vitu vingi mno mjini kwetu: kazi za mwisho za wanafunzi zikiwa zimebaki wiki chache ziwasilishwe, hesabu za duka za miaka, picha pekee za mzazi aliyefariki. Na mara nyingi haikuwa lazima. Windows yenyewe imebeba zana za kujitengeneza. Zana hizo zinafanya kazi vizuri, ila zinataka zitumiwe kwa mpangilio, maana kila tengenezo ni kuandika upya juu ya diski. Diski ikiwa inakufa, tengenezo linaweza kuimalizia na kuondoka na faili zako. Kwa hiyo tunaanza na kuokoa, kisha kupima, halafu ndipo kutengeneza.

Mwongozo huu unahusu Windows 7, 8.1 na 10. Microsoft imekwisha kuacha kuzihudumia zote tatu: ya 7 tarehe 14 Januari 2020, ya 8.1 tarehe 10 Januari 2023, ya 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo amri nitakazozitaja bado zimo ndani yake. Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zina Windows ya Kifaransa, nitataja vitufe kama vinavyoonekana kwenye skrini zetu.

Hatua ya kwanza: okoa faili zako

Kompyuta ikiwa bado inawaka, chomeka flashi au diski ya nje na ukopi sasa hivi kila kitu unachokithamini, kabla ya kugusa amri yoyote. Usikopi folda ya Windows wala Program Files. Hizo zinaweza kuwekwa upya. Kopi hati, picha, video, na kile kilichoachwa juu ya meza ya skrini, maana watu wengi huweka vitu vyao hapo na kuvisahau.

Ikiwa haiwaki, bado faili zako zipo. Tafuta kompyuta nyingine, pakua Linux Mint, na uiweke kwenye flashi kwa programu ya bure inayoitwa Rufus. Mint inazidi GB 2, kwa hiyo kama mega (data ya intaneti) ni za shida, uliza vijana wanaosoma informatika; wengi wanayo tayari. Mashine yako iwe ya bit 64 na iwe na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 2 angalau. Chomeka flashi, washa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 au Esc kwenye HP.

Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Utaona ikoni ya kuisimika; usiibofye kamwe, maana ukifuata maswali yake bila kuelewa unaweza kufuta kila kitu. Fungua kidirisha cha faili, bofya diski ya Windows, na utafute folda ya "Users". Katika Windows ya Kifaransa ulizoea kuiona kama "Utilisateurs", lakini jina lake halisi kwenye diski ni Users, na nimeona watu wakikata tamaa hapo wakidhani folda imepotea. Ndani yake kuna jina lako, na ndani ya jina lako kuna Documents, Pictures, Desktop na nyinginezo. Mint ikikuambia kwamba inaweza kusoma tu bila kuandika, ni kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri. Kwa kukopi, kusoma kunatosha.

Baada ya kukopi, fungua faili chache kwenye diski ya nje uhakikishe zinafunguka. Jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba yaliyomo yamefika.

Hatua ya pili: pima diski na RAM

Kama diski ni ya kuzunguka na inatoa mlio wa kugonga-gonga, zima. Usiendeshe chkdsk (amri ya kukagua diski, tutaiona hatua ya tatu) wala kitu kingine. Diski hiyo inahitaji kubadilishwa, na kila dakika inayozunguka inapunguza nafasi ya kuokoa kilichobaki.

Ikiwa iko kimya, tazama afya yake. Katika Mint kuna programu ya Disks yenye ukurasa wa SMART, yaani rekodi ambayo diski inajiwekea kuhusu afya yake. Katika Windows kuna CrystalDiskInfo, ya bure na ndogo, inayoonyesha buluu kwa diski nzima, njano kwa tahadhari na nyekundu kwa hatari. Usiishie kwenye rangi. Soma mistari minne: namba 5 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri hukumu), 198 (sekta zisizosomeka) na 199 (makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu). CrystalDiskInfo inaziandika 05, C5, C6 na C7. Tazama safu ya thamani ghafi. Ya 197 na 198 zikiwa juu ya sifuri, nunua diski nyingine kabla ya kuendelea. SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya SATA inaingia kwenye laptopu nyingi za zamani na inaifanya mashine iwe nyepesi ajabu.

Namba 199 ina habari tofauti. Mama mmoja mwenye sekretaria ya kupiga chapa na fotokopi huko Kadutu alikuwa na kompyuta ya mezani iliyotengenezwa, ikafanya kazi siku kadhaa, kisha faili za Windows zikaharibika tena. Ilishaformatiwa zaidi ya mara moja. Namba 5, 197 na 198 zote zilikuwa sifuri, diski nzima kabisa, lakini 199 ilikuwa kubwa na ilipanda kila tulipokopi faili nzito. Hiyo ni dalili ya waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mkuu. Tulibadilisha waya, tukatengeneza faili, na namba ikasimama palepale. Namba hiyo hairudi chini hata baada ya kutengeneza. Unachotazama ni kama bado inapanda.

RAM mbovu nayo huharibu faili nzima wakati zinaandikwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kubali kuwasha upya, na uiache imalize. Ikitoa makosa na una vipande viwili vya RAM, zima, chomoa umeme na betri, toa kimoja, pima tena. Kutengeneza faili juu ya RAM mbovu ni kazi bure.

Kitu kimoja zaidi kinachosahaulika kwenye mashine za zamani: tazama tarehe. Kama kila ukiwasha unarudishwa miaka nyuma, betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, mara nyingi CR2032, imekwisha. Tarehe ikiwa si sahihi, Windows inakataa vyeti vya usalama vya seva na haiwezi kupakua faili za kujitengeneza. Watu wanalaumu mtandao wakati kosa ni betri ya bei ndogo.

Hatua ya tatu: chkdsk

Kuanzia hapa fanya kazi ukiwa na uhakika wa umeme. Laptopu iwe na chaji. Kompyuta ya mezani iwe kwenye ondulere (UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) au umeme wa jua. Umeme ukikatika katikati ya tengenezo unaweza kukuachia hali mbaya kuliko uliyoanza nayo.

Katika menyu ya kuanzia andika cmd, bofya kulia juu ya "Invite de commandes" na uchague "Exécuter en tant qu'administrateur". Andika:

chkdsk C: /f

Windows itasema diski inatumika na itauliza kama ipange ukaguzi wakati wa kuwasha. Kwenye Kifaransa jibu ni O, yaani oui, si Y. Washa upya. Amri hii inasahihisha orodha na ramani za faili, na kwa kawaida inachukua dakika chache.

Kuna pia /r, inayosoma kila sekta ya diski. Kwenye diski ya zamani ya GB 500 inaweza kuchukua saa nyingi, na ondulere za nyumbani hazifiki huko. Kwa maoni yangu usiikimbilie. Itumie tu kama SMART ni safi na bado /f haikutosha.

Hatua ya nne: DISM kisha SFC

Amri hizi mbili watu wanazichanganya. SFC inalinganisha faili za mfumo na nakala zilizowekwa akiba katika folda ya C:\Windows\WinSxS, na ikikuta moja imeharibika inaweka nakala nzima mahali pake. Lakini akiba yenyewe ikiharibika, SFC haina cha kuchukua. DISM ndiyo inayotengeneza akiba. Ndiyo sababu kwenye Windows 8.1 na 10 tunaanza na DISM.

DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth

Hii inakagua tu. Ikisema akiba ni nzima, umeokoa mega zako. Nenda moja kwa moja kwenye SFC. Ikisema imeharibika lakini inatengenezeka:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Neno Online hapa linamaanisha Windows inayotumika wakati huo, si intaneti. Ila RestoreHealth yenyewe hupakua faili kutoka kwa Microsoft, kwa hiyo uwe na mtandao na mega za kutosha. Asilimia huweza kusimama muda mrefu, hasa kwenye 20 au 62.3. Usifunge dirisha. Kwenye diski ya zamani iache hata saa nzima.

Kama mtandao haupo, tumia flashi ya usimikaji ya Windows ya toleo lilelile na lugha ileile. Tuseme flashi ni E:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Utaonyeshwa orodha ya matoleo yenye namba. Chagua namba ya toleo lako, kwa mfano 1, halafu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ukikuta install.esd badala ya install.wim, badilisha WIM iwe ESD na umalizie jina la faili vivyo hivyo. LimitAccess inaikataza isitafute mtandaoni.

Windows 7 haina RestoreHealth. Hapo anza na SFC. Ikishindwa, kuna kifurushi cha Microsoft chenye namba KB947821 kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini kwa bit 64 ni mamia ya mega.

Sasa SFC:

sfc /scannow

Acha nafasi kabla ya mkwaju (/). Bila hiyo amri inakataliwa. Matokeo ni manne. Ikisema haikuona uharibifu wowote, tatizo lako liko kwingine, pengine dreva au programu. Ikisema imekuta na kutengeneza, washa upya na uiendeshe tena hadi iseme safi. Ikisema imekuta lakini haikuweza kutengeneza baadhi, rudi kwenye DISM, kisha SFC tena. Na ikisema haikuweza kufanya kazi yenyewe, ifanye nje ya Windows kama nitakavyoeleza.

Ukitaka kujua ni faili gani hasa zilizogoma:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > "%userprofile%\Desktop\sfc.txt"

Faili ya sfc.txt itatokea kwenye meza ya skrini. Nenda chini kabisa, kwenye mistari ya tarehe ya leo.

Kompyuta ikigoma kuwaka kabisa

Windows 10 inaweza kuingia yenyewe kwenye skrini ya matengenezo baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa. Wengi hushauri uizime kwa nguvu mara tatu ili ifike huko. Mimi sipendi kukata umeme makusudi kwenye mashine iliyoumizwa na umeme. Tumia flashi ya usimikaji: ikifika skrini ya kwanza ya kuchagua lugha, bofya "Suivant", halafu "Réparer l'ordinateur", kisha "Dépannage" na "Invite de commandes". Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mara nyingi kabla ya nembo kutokea, uchague "Réparer l'ordinateur".

Mara nyingi utaulizwa aina ya kibodi. Chagua "Français". Ukikosa, kibodi yako ya AZERTY itaanza kuandika kama QWERTY, na utapoteza muda mrefu ukitafuta mkwaju. Ikitokea, kumbuka haya: mkwaju / uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao, nukta pacha ni Maj pamoja na kitufe cha M, mkwaju wa nyuma \ uko kwenye kitufe cha nyota karibu na Entrée, A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile.

Jambo la pili: huku herufi za diski hubadilika. Windows uliyoizoea kuwa C: inaweza kuwa D:. Andika

dir C:\

na kama huoni folda za Windows na Users, jaribu dir D:\ na kuendelea. Ukiipata, tuseme D:, andika:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ikiwa itakujibu kwamba kuna tengenezo linalosubiri na inabidi uwashe upya, na kuwasha upya hakusaidii, umeme ulikatika wakati masasisho yanaingia. Dawa yake ni:

DISM /Image:D:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions

Kisha washa upya. Amri hii inafuta masasisho yaliyokwama nusu njia. Nimeiona ikifufua mashine ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa, na ajabu ni kwamba mafundi wengi hawaijui.

Kabla ya kuondoka kwenye skrini hiyo ya matengenezo, jaribu pia "Restauration du système". Kama kuna tarehe ya kabla ya tatizo, itarudisha faili za mfumo bila kugusa hati zako.

Zote zikishindwa: simika juu ya iliyopo

Hii si kuformata. Windows ikiwa bado inafunguka, hata kwa shida, chomeka flashi ya usimikaji ya toleo lilelile, ifungue ndani ya Windows na ubofye setup.exe. Chagua kubakiza faili na programu zako. Kwenye Windows 7 chagua "Mise à niveau". Uwe na nafasi tupu ya GB 20 angalau. Faili zote za mfumo zinawekwa upya, hati na programu zinabaki. Chaguo la kubakiza likiwa limefifia na halibofyeki, toleo au lugha ya flashi hailingani na ya kompyuta. Simama hapo, usiendelee mbele kwa kubahatisha.

Kuna mashine moja ambayo njia hizi hazitaiponya: yenye Windows iliyopunguzwa, zile zinazouzwa kwenye flashi kama "lite". Aliyeitengeneza alishaondoa sehemu za akiba ili iwe nyepesi, basi DISM haina cha kurudisha. Zile programu za kuvunja leseni nazo hubadilisha faili za mfumo, na SFC ikizirudisha, uharibifu hujitokeza upya. Kama hali ni hiyo na faili zako umeshaziokoa, hapa ndipo kuformata na kuweka Windows kamili kunakuwa na maana. Au baki na Linux Mint, ambayo mashine yenye RAM ya GB 4 inaibeba vizuri na bado inapata masasisho.

Ili isijirudie

Betri ya laptopu isitolewe hata kama imechoka. Dakika tano zake zinatosha kuzima vizuri. Kompyuta ya mezani inahitaji ondulere. Stabilizatere peke yake inasawazisha volti lakini haishiki umeme ukikatika. Umeme ukienda, chomoa waya ukutani, na ukirudi ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu volti ya mwanzo mara nyingi haijatulia. Wakati wa mvua zenye radi chomoa kabisa, na waya wa intaneti pia. Usiruhusu masasisho yaanze jioni saa ambazo mtaa wako huwa unakatiwa.

Mashine ikishapona, tengeneza flashi ya uokoaji siku hiyohiyo. Kwenye Windows 8.1 na 10 andika recoverydrive katika menyu ya kuanzia. Ukitaka ibebe na faili za mfumo, flashi iwe ya GB 16 au zaidi. Kwenye Windows 7 andika recdisc, nayo itataka CD au DVD tupu. Flashi itafutwa yote mwanzoni, kwa hiyo usitumie ile uliyookolea picha zako.